Mombasa Wakati wa Kaskazi: Mwongozo Kamili wa Kupanga Siku kwa Jua na Maji

Shemeji yangu wa Nyahururu alinipigia simu saa nne asubuhi, mwezi wa Januari, akiwa ufuoni Bamburi na watoto watatu na boya aliloshinda akilipuliza kwa mdomo. "Bahari yenu imeenda wapi?" akaniuliza. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamekupwa hadi kule mwambani, na mbele yake hapakuwa na kitu ila mchanga, majani ya bahari na vidimbwi vya maji ya moto. Wakaamua kungoja, juani. Adhuhuri mtoto mmoja alikuwa anatapika. Saa kumi, maji yalipojaa vizuri, wote walikuwa hoi chumbani.

Kisa hicho hurudi kila mwaka, hubadilika wageni tu. Watu huja Mombasa kiangazi kwa sababu hakuna mvua, na hapo wako sawa. Kisha hupanga siku kama walivyozoea bara: chai saa mbili, kutoka saa nne, kurudi magharibi. Kwa ratiba hiyo utapata jua lote na bahari kidogo.

Kiangazi ninachokisema ni miezi ya upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na hasa Januari na Februari, mvua inapoadimika. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, usiku halishuki sana chini ya 24. Lakini namba hizo si tatizo. Tatizo ni unyevu wa hewa, na nitalirudia hilo mbele.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Utakihitaji kwenye treni na kwenye malango ya makumbusho, ambako raia na mgeni hawalipi sawa.
- Nguo za pamba, nyepesi na pana. Jinzi iache nyumbani.
- Leso mbili au kikoi. Leso ni taulo, ni shuka, ni kivuli cha mtoto, ni kitambaa cha kulowesha na kuweka shingoni. Ukikosa, utanunua mtaa wa Biashara.
- Viatu vya mpira vinavyoshika mguu, vya kuingia navyo majini. Ndara za kawaida huchukuliwa na wimbi la kwanza.
- Kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi. Kivuli chako utakikanyaga.
- Chupa ya maji ya kujaza tena, angalau lita 1 kwa kila mtu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, za baharini zikiwemo.
- Dawa ya kujipaka ya mbu, na chandarua kama hujahakikishiwa kipo.
- Pakiti kadhaa za ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kumrudishia mtu maji mwilini.
- Salio la M-Pesa na noti ndogo ndogo. Muuza madafu hana chenji ya elfu.
- Kalenda ya mwezi. Mwezi wa angani, si ule wa mshahara.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu zote zinazofuata.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa kupishana saa sita na dakika chache. Hapa Mombasa, siku ya mwezi mpevu na siku mwezi unapoandama, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50.

Tufanye hesabu. Umefika siku tatu baada ya mwezi mpevu. Dakika 50 mara tatu ni 150, yaani saa mbili na nusu. Basi jioni maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu, na asubuhi yake yalijaa karibu saa kumi na mbili. Saa sita mchana bahari iko mbali. Una maji ya kuogelea jua linapochomoza na linapozama, na jua linapochoma, bahari nayo imekwenda zake.

Wiki moja baada ya mwezi mpevu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni. Hizo ni siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu, kwa hiyo bahari haikimbii sana. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwandamo, tofauti hupita mita tatu. Hapo ndipo shemeji alipoikosa.

Mimi nikiulizwa, nasema njoo kati ya siku ya mwezi mpevu, au ule mwandamo, na siku tatu zinazofuata. Mwenye siku nyingi hana haja ya kuchagua, ila ajue kila siku maji yake yako wapi.

Angalia na hili: miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya kiangazi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, na 2028 karibu tarehe 28 Januari, kutegemea mwezi kuandama. Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na kula barabarani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Usiku ndio mji huamka. Kwangu mimi huo ndio wakati mtamu kuliko yote wa kuja, mradi uwe na chakula chako cha mchana chumbani.

Umefaulu ukiwa na kikaratasi chenye kila siku ya safari, saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Kilinganishe na jedwali la maji la Mombasa kwenye intaneti, kwa sababu hesabu ya mwezi huweza kupotea nusu saa au zaidi.

## Hatua ya 2: Kata tiketi inayokufikisha jua limeshuka

Kwa wanaotoka Nairobi, treni ya SGR hukatiwa tiketi kwa *639# au kwenye tovuti, na malipo ni kwa M-Pesa. Nauli zilizoanza Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Hakikisha hazijabadilika, na kata mapema: shule zikifungwa Desemba viti huisha haraka.

Treni ya asubuhi husimama vituo vya njiani na hukuteremsha Miritini, stesheni ya Mombasa, kwenye saa nane mchana, saa mbaya kuliko zote. Ile ya alasiri hufika usiku wa saa mbili na kitu, hewa ikiwa imetulia. Ukitaka kuona ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, panda ya asubuhi, ila ujue bei ya tamasha hilo utailipa Miritini.

Fika stesheni saa moja na zaidi kabla. Mizigo huwekwa chini kwa mstari mbwa waipitie, kisha kuna mashine, kisha kitambulisho. Visu na mitungi ya gesi havipiti.

## Hatua ya 3: Mwulize mwenye nyumba maswali manne

Picha za chumba hazina jasho. Kabla ya kulipa, uliza:

Dirisha limeelekea wapi? Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, yaani kutoka baharini. Chumba cha ghorofa ya juu chenye dirisha upande huo hupumua usiku kucha. Cha chini, cha nyuma, kilichokabwa na ukuta wa jirani, ni tanuri.

Maji ni ya mfereji au ya kisima? Mombasa ina shida ya maji tangu zamani; utaona mikokoteni ya mitungi ya lita 20 ikisukumwa hadi usiku. Nyumba nyingi zina kisima, na maji ya visima hivyo mara nyingi yana chumvi. Utajua dakika ya kwanza: unasugua sabuni, unasugua, povu halitoki, na nywele zinakuwa kama kamba ya katani. Kuoga yanafaa. Kunywa hapana, na wala usiyapikie chai ukawalaumu wenyeji.

Tokeni za umeme ni za nani? Kiyoyozi hula tokeni nyingi usiku mmoja kuliko feni kwa wiki. Bei rahisi ya chumba mara nyingi imejificha hapo.

Feni iko juu ya kitanda, na chandarua kipo? Feni iliyo pembeni haiwafukuzi mbu, na upepo haupiti vizuri kwenye chandarua.

Ukijibiwa yote manne bila kuzungushwa, lipa. Ukijibiwa "usijali, utafurahia," tafuta kwingine.

## Hatua ya 4: Toka Miritini bila kunyonywa

Stesheni iko bara, nje ya kisiwa cha Mombasa, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Nje ya lango utalakiwa na madereva wanaoongea wote kwa pamoja. Usijibu ukitembea. Simama kivulini, itisha gari kwa programu ya simu ili uijue bei ya kweli, kisha uamue kama utaichukua hiyo au utapatana na teksi. Matatu za kwenda mjini zipo, na kwa mtu mwenye begi moja zinatosha.

Ukilala Diani, pwani ya kusini, huna haja ya kuingia kisiwani. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi upande wa Kwale bila kupanda feri. Hakikisha dereva anaipita hiyo, maana wengine bado hukuzungusha kwenye feri ya Likoni kwa mazoea.

## Hatua ya 5: Igawe siku vipande vitatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mwili hujipoza jasho linapokauka. Hewa ya pwani imeshiba maji, hivyo jasho halikauki, linatiririka tu, nawe unapoteza maji na chumvi bila kupata baridi yoyote. Ndiyo sababu mtu aliyezoea jua kali la Turkana au Garissa huja Mombasa akashangaa kuzidiwa na nyuzi 32.

Kipande cha kwanza: saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Kila kinachohitaji miguu kifanyike hapa. Kutembea, kupanda, kununua.

Kipande cha pili: saa nne hadi saa kumi. Kivuli. Kula, oga, lala. Wenyeji wenye duka la kufunga hufunga mchana na kufungua tena alasiri, na si uvivu. Ukilazimika kutoka, panda tuktuk. Bodaboda hukuweka juani na kofia ngumu kichwani.

Kipande cha tatu: saa kumi hadi utakapochoka. Bahari, matembezi, chakula.

Kunywa kabla hujasikia kiu. Madafu ni mazuri, juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi ni nzuri pia, lakini maji ndiyo msingi. Kama huna ORS, changanya lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya mlima.

Onyo: kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu maana yake ingia kivulini sasa hivi, kunywa taratibu, weka leso mbichi shingoni na kwapani. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akazimia, au ngozi yake ikawa moto kupita kiasi, hilo si la kungojea: mloweshe maji, mpepee, na umkimbize hospitali huku mkiendelea kumpoza.

Dalili kwamba unakwenda vizuri ni mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanakutosha. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, bado.

## Hatua ya 6: Mji wa Kale kabla jua halijapanda

Anza saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo linatoka. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na saa hizo bado vina ubaridi wa usiku. Tafuta mahamri na mbaazi kwanza, maana kwenye saa tatu masufuria mengi yamebaki ukoko. Hamri nzuri ni ile iliyofura ikawa tupu ndani, ukiipasua inatoa harufu ya iliki, nawe unachota mbaazi za nazi kwa kipande hicho hicho. Kijiko utapewa ukiomba, lakini watu watakuangalia.

Kisha fuata Ndia Kuu hadi ufike Ngome ya Yesu. Hufunguliwa saa mbili asubuhi, na unataka kuwa mtu wa kwanza: kuta zile nene za mawe hulimeza jua la asubuhi na kuanza kulitema kuanzia saa tano. Malipo ni ya kidijitali, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Saa nzima na nusu inatosha.

Ukitoka, soko la Marikiti liko mwendo wa miguu. Bizari, pilipili manga, iliki. Onja na unuse kabla ya kupimiwa, na uombe zipimwe mbele yako.

Adabu: funika mabega na magoti. Usimpige mtu picha bila kumwomba, na mwanamke aliyevaa buibui usimwelekezee simu kabisa. Msikitini huingii bila ruhusa, na viatu hubaki nje. Mzee aliyeketi barazani salimia, "Shikamoo" au "Salaam aleikum," utaonyeshwa njia bila kulipa mtu.

Saa nne ikikukuta tayari uko chini ya feni na fungu la viungo mkononi, umeimaliza hatua hii.

## Hatua ya 7: Ingia baharini kwa saa yake

Toa kile kikaratasi chako. Wakati mzuri wa kuogelea ni saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa hadi saa moja baadaye. Maji yakiwa yanapanda, yanakusukuma kuelekea nchi kavu. Yakianza kupwa, yanakuvuta nje, na nguvu yote hujikusanya kwenye milango ya mwamba. Hapo hata mvuvi hachezi.

Wakati wa bamvua, sehemu nyingine za Nyali na Bamburi maji hufika hadi kwenye kuta na mchanga hupotea kabisa. Usiache mizigo chini ukaenda kuogelea.

Na maji yakipwa? Usirudi nyumbani ukinuna. Wakati huo mwamba huzuia mawimbi, na upande wa ndani hutulia kama bwawa. Ndio wakati wa kupanda boti na kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa. Boti hupatikana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates. Patana bei nzima kabla mguu haujaingia botini: ya mtu au ya boti, muda gani, kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo. Bei isiyotajwa nchi kavu hukua baharini.

Ukitembea mwambani, vaa vile viatu vya mpira. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi waliojibanza kwenye mashimo, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Usikanyage matumbawe, na usiokote makombe. Muhimu zaidi, geuka kurudi maji yanapoanza kupanda. Mwanzoni huja polepole kama hayaji. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda ndipo huja kwa kasi, na fungu la mchanga ulilovuka kwa miguu likawa nyuma ya maji ya kifuani.

## Hatua ya 8: Likoni, kwa wanaovuka

Mtu wa miguu halipi feri, gari hulipa. Epuka asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi, wafanyakazi wanapovuka. Begi liwe mbele ya kifua, simu mfukoni. Usipige picha kivukoni, askari hawana mzaha na hilo. Usikimbie kwenye mteremko hata ukiona wengine wanakimbia, pana utelezi.

## Hatua ya 9: Jioni, nenda Lighthouse

Bustani ya Mama Ngina, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Lighthouse, ina mibuyu mikubwa na upepo wa kaskazi unaokuja moja kwa moja kutoka bahari kuu. Fika saa kumi na moja. Nunua mhogo wa kuchoma, uombe upasuliwe katikati, utiwe pilipili na ndimu na chumvi. Kachri za mhogo ni za watoto, au za mtu anayejifanya anawanunulia watoto. Utaona meli kubwa zikipita karibu ajabu kuingia bandari ya Kilindini.

Usiku ukiingia, rudi Mji wa Kale kwa kahawa chungu. Muuzaji utamsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Dele lake, birika la kahawa, limekaa juu ya makaa. Kikombe ni kidogo, kahawa ni nyeusi na ina tangawizi. Iandamanishe na kashata au kipande cha halua. Usiiharakishe, ni moto.

Mbu nao hutoka jua linapozama. Paka dawa kabla ya kuondoka chumbani, miguuni hasa.

## Hatua ya 10: Ukisharudi nyumbani

Malaria haikushiki siku hiyo hiyo uliyoumwa. Huchukua siku 7 au zaidi, kwa hiyo homa ya siku ya pili ya safari si malaria ya Mombasa, lakini homa ya wiki mbili au tatu baada ya kurudi huenda ikawa. Mtu wa nyanda za juu hana kinga aliyonayo mtu aliyekulia pwani, na hali yake hugeuka mbaya upesi.

Ukipata homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Mwambie daktari kwamba ulikuwa Mombasa na tarehe uliyoondoka, hata asipouliza. Kama kipimo kikisema si malaria na viungo vinauma vibaya, muulize kuhusu dengi, ambayo huenezwa na mbu wa mchana. Mpaka ujue ni ipi, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu dengi huweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo huizidisha. Tumia paracetamol.